Sindano za homoni ya ukuaji: wekundu wa ngozi hausemi kama dawa ni ya kweli

Swali hili limenifikia mara nyingi tangu jimu zilipoanza kufunguliwa karibu kila mtaa hapa Mombasa. Kijana huingia dukani, hungoja wateja wapungue, kisha hupandisha fulana na kunionyesha pahali pekundu tumboni. "Ami, hii ni kawaida?" Halafu hutoa kichupa. Hukitoa mfukoni, si kwenye barafu. Kichupa hakina jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho wa matumizi, kina kifuniko cha bluu au cha kijani, na ndani mna unga mweupe ulioshikana kama kipande cha chaki. Aliyemuuzia amemwambia ni homoni ya ukuaji. Vichupa hivi huuzwa kwa kutajwa rangi ya kifuniko, kama mtu anavyoagiza soda.

Kijana anataka majibu mawili kwa pamoja: ngozi imefanya nini, na dawa ni yenyewe au ni feki. Wapo ambao wamekwisha kujijibu kabla ya kufika kwangu. Wengine husema ikiwasha ndiyo kali, maana dawa ya kweli lazima uisikie. Wengine husema kinyume chake, kwamba ikivimba tu basi umeuziwa bandia. Nimezisikia kauli zote mbili kutoka jimu moja, wiki moja. Zote mbili haziko sawa, na ubaya wake ni kwamba zinamfanya mtu achunguze ngozi yake huku hatari iko pengine kabisa.

Nianze na wenye dawa yao. Homoni ya ukuaji ni protini inayotolewa na tezi ya pituitari, tezi yenye ukubwa wa punje ya mbaazi iliyo chini ya ubongo. Mwili huitoa kwa vipindi, zaidi usiku mtu akiwa kwenye usingizi mzito. Mtoto ambaye tezi yake haitoi ya kutosha hubaki mfupi mno kuliko wenzake, na sindano ya kila siku humsaidia kukua. Madaktari huiandika pia kwa wasichana wenye hali ya Turner, kwa watoto wenye ugonjwa sugu wa figo, na kwa watu wazima wachache ambao tezi yao imeharibiwa na uvimbe au upasuaji. Hapa Pwani wagonjwa hao wapo, ila huwasikii, kwa sababu mama anayemdunga mwanawe kila usiku hatangazi mtaani. Mengi nitakayoyaeleza hapa yanamhusu yeye kama yanavyomhusu kijana wa jimu, na kwa haki yeye ndiye wa kwanza.

Kwa kijana wa miaka 22 anayetaka kurefuka, jibu ni fupi: mifupa yake imekwisha kufunga, na homoni haitairefusha. Itaweza kumjaza maji mwilini, kumtia ganzi mikononi, kumuumiza viungo na kumpandisha sukari ya damu. Katika jamii yetu, ambapo karibu kila nyumba ina mtu wa kisukari, hilo la mwisho lingetosha kumfikirisha mtu.

Tui na chicha

Watu huniuliza kwa sauti ya chini kama ndani ya dawa hii mna kitu cha nguruwe. Homoni yenyewe haitoki kwa nguruwe, na hata ikitoka huko haingefaa kitu, maana homoni ya ukuaji ya nguruwe au ya ng'ombe haifanyi kazi kwenye mwili wa binadamu. Ndiyo sababu zamani ilitolewa kwa maiti. Mwaka 1958 daktari wa Marekani, Maurice Raben, alichapisha habari za mgonjwa aliyekua baada ya kudungwa homoni iliyotolewa kwenye tezi za watu waliokufa, na kwa zaidi ya miaka 25 watoto wa nchi nyingi walitibiwa hivyo. Mwaka 1985 ikagundulika kwamba baadhi yao walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ulioingia mwilini pamoja na dawa na kukaa kimya kwa miaka mingi. Ufaransa peke yake ilipoteza zaidi ya watu 100. Hapakuwa na wekundu wala uvimbe pale sindano ilipoingia ambao ungemwambia mzazi kinachokuja.

Mwaka huohuo wa 1985 Marekani ikaidhinisha homoni ya kwanza iliyotengenezwa kiwandani bila maiti. Tangu hapo kazi hufanywa zaidi na bakteria, hasa E. koli, ambao wamepewa maagizo ya kutengeneza protini ya binadamu yenye viungo 191 vilivyounganishwa kama shanga za tasbihi. Bakteria hukuzwa kwenye matangi, hupasuliwa, kisha protini inayotakiwa huchujwa kutoka kwenye uchafu wote uliobaki.

Kuchuja huku ndiko penye siri ya ubora. Mfano wetu ni tui la nazi. Ukichuja mara moja kwa kitambaa kibovu, unapata tui lenye chicha. Ukichuja vizuri, unapata tui jeupe. Chicha ya homoni ni vipande vya protini za bakteria na sumu za ganda lao. Mabaki hayo yakiwa mengi, mwili huyatambua kama adui. Pahali pa sindano pataweza kuvimba, mtu ataweza kupata homa na baridi baada ya saa chache, au kinga ya mwili itaanza kutengeneza silaha dhidi ya homoni yenyewe.

Na jambo hili si la viwanda vya kichochoroni tu. Omnitrope, dawa iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2006, ilipita kwenye mtihani huo. Katika majaribio ya mwanzo wagonjwa wengi walionekana kuwa na kingamwili dhidi ya homoni, na chanzo kikajulikana kuwa ni mabaki ya protini za bakteria. Kiwanda kikaongeza hatua ya kusafisha, na tatizo likapungua sana. Kiwanda hicho kilikuwa na maabara, wataalamu, wakaguzi na wagonjwa wanaopimwa damu kila baada ya muda. Kingamwili zile zilionekana kwenye vipimo vya damu. Sasa mfikirie mtu anayejaza vichupa visivyo na jina, asiyepimwa na yeyote. Chicha yake nani ataiona?

Kwa nini ngozi hulalamika

Hata dawa iliyo safi kabisa, iliyotoka kiwanda chenye jina na kukaa kwenye friji, inaweza kuifanya ngozi iwe nyekundu. Sababu ziko kadhaa. Dawa baridi iliyotoka kwenye friji sasa hivi huuma ikiingia. Spiriti ikiwa haijakauka huingia na sindano na kuchoma. Ndani ya dawa nyingi hizi mmetiwa vihifadhi kama metakresoli, fenoli au alkoholi ya benzili, ili vijidudu visikue baada ya kichupa kufunguliwa, na vihifadhi hivyo vyenyewe huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mtoto anaweza kubadilishiwa aina ya dawa, homoni ikawa ileile, na maumivu yakapungua kwa sababu kihifadhi ni kingine.

Halafu kuna tabia ya kudunga pahali pamoja. Mtu akishapata kona ya tumbo isiyouma, huirudia kila siku. Baada ya wiki kadhaa mafuta ya chini ya ngozi pale huanza kubadilika: kwa mmoja hupungua na kuacha shimo, kwa mwingine hujaa na kuacha kinundu. Dawa ikiingia kwenye kinundu hufyonzwa ovyo, leo nyingi kesho kidogo. Dawa ya jambo hili ni kuhamahama: paja la kulia, paja la kushoto, upande huu wa tumbo, upande ule, na kuacha nafasi ya vidole viwili kutoka pahali pa jana. Wenye kisukari wanaotumia insulini wanalijua somo hili vizuri.

Wekundu wa kawaida huwa mdogo, kama shilingi, na hupotea ndani ya siku moja au mbili. Hauhitaji kukandwa kwa maji moto, kupakwa dawa ya meno, wala mafuta ya habasoda. Habasoda ina kazi zake, lakini tundu la sindano si mojawapo.

Kwa hivyo dawa halali inaweza kuwasha. Je, dawa bandia inaweza kunyamaza? Inaweza, na hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie.

Mwaka 2001, huko Marekani, nchi yenye ukaguzi mkali wa dawa, vilipatikana vichupa bandia vya homoni ya ukuaji vikiwa ndani ya mfumo halali wa mauzo. Moja ya dawa zilizoigizwa ilikuwa Serostim, iliyokuwa ikitumiwa na wagonjwa wa UKIMWI waliokonda. Nyingine ilikuwa Nutropin AQ, na vichupa bandia vya hiyo vilipopimwa vilikutwa na insulini.

Insulini. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini hushusha sukari ya damu mpaka ubongo ukakosa chakula. Ikiingia chini ya ngozi kwa sindano nyembamba huenda isiache hata alama. Yule kijana anayesema "ikiwasha ndiyo kali" ataona haikuwasha, atadhani dawa ni hafifu, na kesho ataongeza kipimo.

Sasa ongeza desturi zetu. Jimu nyingi huwafundisha vijana wadunge asubuhi kabla ya kula. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaodunga baada ya daku kisha wanafunga mchana kutwa. Ikiwa ndani ya kichupa mna insulini, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kuipokea. Dalili zake huja ndani ya dakika chache hadi saa chache: jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kisha maneno kuchanganyika na mtu kuonekana kama amelewa. Mwenye akili zake apewe sukari hapohapo, iwe soda ya kawaida, glukosi, asali au maji ya sukari, halafu apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwa sababu insulini za muda mrefu humrudisha chini. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani; alazwe ubavu na akimbizwe. Na wenzake wamwambie daktari alichojidunga. Nafahamu kuna aibu, lakini daktari asiyejua atapoteza dakika akitafuta malaria.

Kitu kingine kinachowahi kukutwa kwenye vichupa vilivyoandikwa homoni ya ukuaji ni hCG, homoni ya mimba. Vijana wamelijua hilo, wakaanza kutumia kipimo cha mimba kama maabara: wanatia dawa, mstari wa pili usipotokea wanasema dawa ni safi. Kipimo hicho kinatambua hCG peke yake. Hakiwezi kuona insulini, hakiwezi kuona chicha ya bakteria, na hakisemi kama homoni ya ukuaji imo au haimo. Na mwanamume ambaye mkojo wake umeonyesha mimba asicheke tu na kuendelea na shughuli zake, amwone daktari, maana hCG kwa mwanamume huweza pia kutoka kwenye uvimbe wa korodani.

Joto letu

Hata tukichukulia kwamba kichupa kilitoka kiwandani kikiwa sawa, bado kuna njia ya kufika Pwani. Dawa hii hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Joto huivunja polepole, jua huiharibu, na kuganda kuwa barafu huiharibu vilevile, jambo ambalo wengi hawalijui. Nimeona mama mwenye nia njema akiiweka dawa ya mwanawe kwenye sehemu ya barafu ya friji ili "izidi kuwa salama" siku stima zilipokuwa zikikatika. Dawa iliyowahi kuganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Zipo kalamu za homoni ambazo karatasi yake inaruhusu zikae nje ya friji kwa wiki tatu, mradi joto lisipite nyuzi 25. Maneno hayo yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Chumba gani cha Majengo au Kisauni, mwezi wa Machi, kina nyuzi 25? Kwetu sisi "joto la chumba" la kwenye karatasi ni friji tu.

Hapa hutajwa mtungi. Ni kweli kwamba Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walichapisha mwaka 2021 utafiti uliotokana na kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, ulioonyesha kwamba insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Ilikuwa habari njema kwa wenye kisukari wasio na friji. Lakini ilihusu insulini. Homoni ya ukuaji ni protini nyingine, na haifai kuhamisha jibu la moja kwa nyingine. Tena mtungi hupoza kwa maji kugeuka mvuke, na hewa yetu ya Pwani iliyojaa unyevu huuzuia mvuke huo. Mtungi wa Dadaab na mtungi wa Mombasa havipozi sawa.

Unga mkavu huvumilia joto kuliko dawa iliyokwisha kuchanganywa, na ndiyo sababu wauzaji hujitetea kwamba safari haidhuru. Kuvumilia kuna mpaka. Kichupa kilichokaa kwenye sanduku la jamaa kutoka Dubai, kikashushwa uwanja wa ndege, kikapanda buti ya basi au gari, kikakaa kwenye droo ya jimu kwa miezi, hakuna anayejua kimebaki na nini. Protini ikiharibika huweza kushikamana vibonge vidogo visivyoonekana. Vibonge hivyo hupunguza nguvu ya dawa, na tena huichokoza kinga ya mwili. Kwa mtoto mgonjwa maana yake ni miezi ya sindano bila kukua, na mzazi akidhani mwili wa mwanawe ndio mkaidi. Mwaka wa kukua ukipita, haununuliki.

Ukichanganya dawa, usiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Acha maji yateremke taratibu ukutani mwa kichupa, kisha kiviringishe viganjani. Kutikisa huleta povu, na povu huvunja protini. Ikiwa na ukungu, nyuzinyuzi au chembe zinazoelea, usidunge. Ikiwa angavu kama maji, unaweza kusema haijaharibika kwa namna inayoonekana, basi. Nguvu yake haionekani kwa macho.

Maji, namba na sindano ya rafiki

Jambo la kwanza ni maji ya kuchanganyia. Maji ya sindano yasiyo na kihifadhi yanafaa kwa dozi moja, na kinachobaki hutupwa, isipokuwa karatasi ya dawa iseme vingine. Ukitaka kichupa kidumu siku kadhaa, kinahitaji maji yenye kihifadhi, ambayo huwa na alkoholi ya benzili asilimia 0.9, na hayo hayatumiwi kwa watoto wachanga. Nimeshuhudia mtu akitumia maji ya chupa ya kunywa. Maji ya kunywa, hata yawe ya bei gani, si maji ya kudunga. Jipu linalofuata hapo halina fumbo lolote.

La pili ni hesabu, nalo huwapoteza hata wasomi. Homoni ya ukuaji hupimwa kwa miligramu au kwa yuniti, na miligramu 1 ni sawa na yuniti 3. Lakini vijana hutumia bomba la insulini, na mistari ya bomba hilo ni yuniti za insulini: mistari 100 ni mililita 1. Yuniti ya bomba si yuniti ya homoni. Kichupa cha yuniti 10 kikichanganywa na mililita 1 ya maji, yuniti moja ya homoni inakuwa mistari 10. Kikichanganywa na mililita 2, inakuwa mistari 20. Anayejaza bomba kwa kusoma namba za pembeni, bila kujua maji yaliyotiwa, anaweza kukosea mara kumi. Wazazi, kila mnapobadilishiwa dawa au kalamu, muombeni mfamasia awaandikie hesabu kwenye karatasi, na hata akiwaona wasumbufu asiwaondoe bila karatasi hiyo.

La tatu ni kichupa cha shirika. Vijana watatu huchanga pesa wakanunua kimoja, na kila mmoja huapa kwamba sindano yake ni mpya. Inaweza kuwa mpya mara ya kwanza. Ikirudi kwenye kichupa kuongeza kidogo, imebeba damu ya mwenye nayo, hata kama damu hiyo haionekani, na wenzake wawili wanaipokea. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, B na C, havijali kwamba nyinyi ni marafiki wa utotoni. Homa ya ini aina ya B ina chanjo, na afadhali anayefanya mambo haya aipate leo kuliko kunisikiliza mimi.

Wakati wa kuacha kungoja

Ngozi ina mambo ambayo haifai kuyangoja. Wekundu unaotanuka badala ya kupungua baada ya siku mbili, pahali pa moto na pagumu, usaha, mstari mwekundu unaopanda kutoka pahali pa sindano, au homa, hizo ni dalili za maambukizi. Usikamue. Nenda ukaonwe, kwa sababu jipu la ndani huhitaji kupasuliwa na vidonge peke yake havitoshi. Kinundu kinachokaa wiki nyingi bila kuuma sana, kisha kikaanza kutoa majimaji, nacho ni cha daktari: wapo vijidudu wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi kwenye maji, ambao huingia kwa sindano chafu na hawaondoki kwa antibiotiki za kawaida. Upele wa kuwasha mwili mzima, midomo au macho kuvimba, au pumzi kubana, huo ni mzio mkali, na ni wa kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kwa anayeshindana, iwe mpira, raga au kunyanyua vyuma, homoni hii imepigwa marufuku ndani na nje ya mashindano, na Kenya ina sheria yake ya kupambana na dawa hizo tangu 2016. Hilo si kubwa kwangu kama yale mengine, lakini wapo vijana wanaolisikiliza kuliko habari za ini.

Na ununuzi. Dawa ya mtoto inunuliwe kwa karatasi ya daktari, kwenye duka lenye leseni ya mwaka huu ukutani, pakiti ikiwa imefungwa, yenye jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe, na ikitolewa kwenye friji mbele ya macho yako. Namba ya toleo ya kwenye boksi ilingane na ya kwenye kichupa au kalamu. Nenda na mfuko wa kupozea, na utenge barafu na dawa kwa kitambaa zisigusane. Bei ikiwa nusu ya kawaida, uliza kwa nini, na usikubali jibu la "nina mtu bandarini".

Bodi ya Famasia na Sumu ina fomu mbili ambazo watu wengi hawajawahi kuziona. Ya manjano ni ya madhara ya dawa, kama uvimbe au mzio. Ya waridi ni ya dawa inayoshukiwa ubora wake: imebadilika rangi, ina chembe, haifanyi kazi, au inaonekana bandia. Mfamasia au mhudumu wa afya anaweza kukujazia, na taarifa hupokewa pia kwa mtandao. Lakini fomu bila kichupa ni nusu ya kazi. Kwa hivyo kijana, na wewe mama, msikitupe kilichobaki. Kifungeni kwenye mfuko pamoja na boksi lake, kiwekeni kwenye friji mbali na mkono wa watoto, andikeni tarehe na saa mliyodunga, mje nacho.